Kiredio Chako Shingoni mwa Mtani

Mpendwa Baba Nyamizi,

Binti yako alinipigia simu juzi kutoka Kigoma. Anataka kununua kiredio cha memori kama kile chako, cha kuning'iniza shingoni, asikilize kwaya wakati anaanika dagaa. Akaniuliza, "Mama, wewe umeishi na kile cha baba miaka mingi. Kina faida, au ni hasara tupu?" Nikamwambia nitamjibu, salio linakwisha. Salio halikuwa linakwisha. Nilishindwa tu kujibu.

Kwa hiyo nakuandikia wewe, naye atasoma. Nimeandika wazi, bila bahasha, kwa sababu nataka watu wa mtaa wetu wa Isevya nao wasome, na wale wazee walioniambia kwamba utani hauna kesi, na Kondo fundi baiskeli, mtani wako. Hasa Kondo. Kama miwani yake bado imevunjika, asomewe.

Nianze na hasara, maana ndizo nilizoziona kwanza.

Siku uliyorudi kutoka Urambo kuuza asali, uliingia uani na baiskeli, madumu matupu nyuma, na kitu cheusi kama kipande cha sabuni kikining'inia kifuani. Nilikuita mara tatu. Ukanipita, ukaegemeza baiskeli ukutani huku unatikisa kichwa kama mbuzi aliyeingiwa na mdudu sikioni. Nikauvuta ule waya wa masikioni. "Mama Nyamizi!" ukapaza sauti, kana kwamba kiziwi ni mimi. "Kumbe unaongea! Nilidhani umenuna."

Nikanuna kweli.

Tangu siku hiyo nilikuwa na mume nusu. Nikisema chumvi imekwisha, unajibu "Amina." Kabla hujanisalimia unatafuta tundu la umeme, simu yangu inachomolewa, kiredio kinawekwa. Na ile Jumapili kanisani! Ulisahau kukizima. Mchungaji amefumba macho, yuko katikati ya sala ndefu, na mfukoni mwako ikaanza kuimba kwaya ya Wakatoliki, ile uliyowekewa na mseminari wa Kipalapala aliyekuwa akinunua asali kwako. Sisi Wamoravian wote tukageuka. Wewe ukawa unajipiga mfuko kama mtu anayezima moto. Mchungaji hakufumbua macho. Alisema tu, "Na ndugu zetu wa upande ule, Bwana, uwakumbuke pia." Nilitamani sakafu inifunike. Nyumbani tulicheka mpaka ukalala chini.

Aliyekicheka zaidi kiredio chako ni Kondo. Kila ulipopita penye banda lake pale kona, alikuwa anaacha gurudumu la mtu na kusimama barabarani.

"Mnyamwezi! Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani. Wewe mjukuu umeishia kubeba kwaya shingoni!"

"Na babu zako Wazaramo," ulimjibu, "walikaa pwani wanangoja mizigo ifike ndipo wapate sababu ya kupiga ngoma. Shika spana, mvivu wee."

"Mvivu mimi? Shuka kwenye baiskeli niliyokutengenezea!"

Mama yake, Bi Hadija, alikuwa akikaa kwenye kibaraza nyuma ya banda, anacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Ndivyo mlivyopendana. Sijasahau. Sisi na wao tumetaniana tangu njia ya misafara, na wewe ulipenda kusema kwamba Kondo ni mzigo pekee ambao babu zako waliusahau kuurudisha Bagamoyo.

Sasa faida. Nitaisema, ingawa inaniuma zaidi kuliko hasara zote.

Kule kwenye mizinga yako simu haishiki. Ulikuwa ukienda porini wiki, wakati mwingine wiki mbili, nami nabaki sijui kama umeumwa na nyoka au umeanguka mtini. Mpaka ulipogundua kile kitufe chekundu cha kurekodi. Kila mchana, ukishamaliza kufukiza moshi, ulikuwa unakaa na kuzungumza nami. Ukirudi unakiweka kiredio mapajani mwangu, hunisemeshi, unakwenda bafuni. Nami navaa zile waya. "Mama Nyamizi, leo ni siku ya nne. Mzinga wa kwenye mninga umejaa. Nimeumwa sikioni, sasa nina sikio la tembo. Umefunika unga?" Nakusikia masikioni ukilalamikia sikio, na papo hapo nakusikia bafuni unajimwagia maji. Nilikuwa nawe wawili kwa wakati mmoja. Hakuna mwanamke Tabora nzima aliyekuwa na utajiri huo.

Hukufuta hata moja. "Siku tukizeeka tutasikiliza tulikuwa tunagombania nini," ulisema. Ilikuwa unga. Miaka yote ile tuligombania kufunika unga.

Kisha ukaugua. Wiki zile za mwisho ulikuwa huwezi kunyanyua kikombe, lakini asubuhi moja uliniomba kiredio, ukaniambia nitoke nje nifunge mlango. Nilikaa kwenye kigoda, nikasikia sauti yako ikipanda na kushuka, na kikohozi, na kimya kirefu, kisha tena sauti. Uliponiita ulikuwa umelowa jasho. "Hii ni ya Nyamizi," ukasema. "Asikie siku ya harusi yake. Wewe usisikilize kwanza. Nakujua, utamwambia kabla ya chai." Nikakuapia. Nyamizi wakati huo hakuwa hata na mchumba.

Sikusikiliza, Baba Nyamizi. Nilikutii. Usiku na mchana kiredio kilikuwa chini ya mto wako, na baada ya wewe kufariki kikawa pale pale, nami sikukigusa.

Aliyekigusa ni Kondo.

Najua mila. Nimezaliwa humu. Najua kwamba msibani mtani hana adabu na hatakiwi kuwa nayo, kwamba kazi yake ni kutufanya tucheke mahali ambapo tungekufa. Alipojilaza kwenye kaburi lako kabla jeneza halijateremshwa, akasema hapo ni pake na Mnyamwezi akatafute pengine, hata mimi, nimeambiwa, nilitabasamu. Lakini kabla ya hapo alikuwa ameingia chumbani. Alitoka amevaa wavu wako wa nyuki usoni, mkononi lile kopo la moshi, kiredio shingoni. Akatembea uani mwendo wako, ule wa mguu wa kushoto kuangalia nje. Kisha akafungua mdomo, ikatoka sauti yako.

"Mama Nyamizi! Umefunika unga?"

Wanawake mkekani waliangua kicheko na kilio pamoja. Ulikuwa umewahi kumsikilizisha, kumbe. Maneno yangu ya mapajani, ulimsikilizisha penye banda la baiskeli. Na hilo nakudai, tutakapoonana.

"Hiki nakwenda nacho!" akasema Kondo kwa sauti yake mwenyewe. "Mwenye mali aje na jogoo!"

Kaka yako mkubwa alikuwa ameshamshika jogoo miguu. Akaniinamia. "Mpe, shemeji. Anakirudisha sasa hivi, mambo yaendelee."

Ningempa, barua hii isingekuwepo. Nalifahamu hilo, na nalala nalo. Lakini ile sauti yako kinywani mwa mtu mwingine ilikuwa imenikata. Nilisema, na watu wote walisikia, "Mume wangu hakombolewi kwa jogoo."

Wewe unajua mtani hawezi kurudisha kitu kisichokombolewa. Ni kama kusema marehemu hakuwa na watu. Kondo alisimama na wavu usoni, akamtazama kaka yako, akanitazama mimi. Hakuna aliyemsaidia. Akageuka akaondoka na kiredio, akiwa bado anatembea mwendo wako, kwa sababu hakujua pa kuuachia.

Mwezi na siku kadhaa zilipita. Hasira iliposhuka nilimkamata jogoo mwenyewe, nikampeleka. Kondo alifurahi kupita kiasi. Alimpokea jogoo, akamsifia mkia, akanipa kiredio kwa mikono miwili. "Sikiliza, mtani. Mumeo anakuita."

Nikavaa waya pale pale kwenye kibaraza, mbele ya mama yake. Nikabonyeza.

"Mama Nyamizi, mbona hunijii? Huku ardhini hakuna nyuki, asali nimekula yote. Umefunika unga?"

Mwili wangu ulisimama kabla yangu. Nilitaka kukuitikia. Kisha mwisho wa ile sauti kikaja kicheko, na kicheko hakikuwa chako. Kilikuwa cha Kondo. Nikabonyeza mbele. Hakuna. Nikabonyeza nyuma. Hakuna. Mzinga wa mninga hakuna, sikio la tembo hakuna, ya Nyamizi hakuna. Ilikuwa ile moja tu.

"Nyingine ziko wapi?" nikauliza.

"Kiliandika kimejaa," akasema, bado anatabasamu. "Nikafuta za zamani nipate nafasi. Nilitaka ucheke, mtani. Ulikuwa hucheki kabisa."

"Ulizisikiliza kabla ya kuzifuta?"

Tabasamu likaanza kumtoka. "Sikusikiliza."

Nilikipeleka kwa fundi simu stendi. Akachomoa memori, akaiingiza kwenye kompyuta yake, akatikisa kichwa. Nikaenda kwa wazee, wako na wake, Wakristo na Waislamu, wakakaa wakanisikiliza vizuri. Walinisikitikia. Kisha wakasema kile walichosema: utani hauna kesi. Alichofanya alifanya kwa mila, tena nilichelewa mwenyewe kukomboa. Kondo aliomba msamaha mbele yao. Nikatakiwa niseme yameisha. Nikasema yameisha.

Hayakuisha. Kama utani hauna kesi, basi na mimi ni mtani.

Nakuambia sasa jambo ambalo sijamwambia mchungaji. Miaka mitatu, kila nilipokwenda sokoni asubuhi, nilipita makusudi kwenye kile kibaraza. "Shikamoo, Bi Hadija." "Marahaba, mwanangu. Chukua kashata." Alikuwa akinifungia kashata kwenye kipande cha karatasi, vidole vikitetemeka. Nami nilikuwa nikimtazama mikono, midomo, miguu inavyovimba, na kujiambia, bado kidogo. Nilikuwa naingoja siku mwanawe atakapofiwa naye. Nilikula kashata zake zote. Zilikuwa tamu.

Katikati ya miaka hiyo Nyamizi aliolewa. Nilimvisha mwenyewe, nikamfunga mkufu, akanibusu, akasema, "Baba angekuwepo angesema nini?" Nikasema, "Angesema umependeza." Mwanangu, kama umefika hapa kusoma, sasa unajua kwa nini salio lilikwisha. Baba yako alikuachia maneno ya siku ile. Nilikuwa nimekuficha, maana nilikuwa sina cha kukupa isipokuwa habari ya kukosa.

Bi Hadija alifariki mwaka huu, mvua zilipoanza.

Nilikwenda. Siku zote unanijua, mimi ni mtu wa kukaa nyuma na kusaidia kuosha masufuria. Siku ile niliingia uani kwa Kondo na gunia kichwani, fimbo mkononi, nimejifunga kiuno kama mpagazi.

"Hodi Wazaramo! Tumekuja kuchukua mzigo wenu! Umetuzeekea huku bara miaka sitini, leo tunaurudisha pwani! Nani ananisaidia kubeba?"

Watu walishtuka, kisha wakaanza kucheka. Nilizunguka uwanja nikipima mlango, nikisema mzigo ni mfupi, hautalipa gharama. Niliketi mahali pake kibarazani, nikatikisa mabega bila sauti, vilevile alivyokuwa akicheka. Kondo mwenyewe alicheka. Alicheka na machozi yakamtoka, akasema, "Jamani, mtani wangu amerudi!" Alidhani nimemsamehe.

Kisha nikaingia chumbani mwa mama yake.

Nilijua ninachokitaka. Kwenye msumari nyuma ya mlango ilikuwa kanga yake ya kila siku, imepauka, ncha zimechanika. Niliiweka usoni. Udi, karafuu, mafuta ya nazi, na yeye. Alikuwa yeye mzima mle ndani. Nikatoka nayo nimejifunga kichwani. "Hii nakwenda nayo!"

Kondo alikuwa tayari na jogoo, mwekundu, mzuri. "Huyu hapa, mtani. Mnene. Chukua."

"Sitaki jogoo."

"Mbuzi?"

"Sitaki mbuzi."

Sasa hakuna aliyekuwa anacheka. Mzee mmoja akasema, "Mama Nyamizi, kuna mila." Nikamwambia, "Ndiyo, mzee. Utani hauna kesi." Nikaondoka na kanga kichwani, na njia nzima ya kwenda nyumbani nilihisi mwepesi. Sitakudanganya. Nilikuwa na furaha.

Siku ya nne alikuja. Nilimwona akiingia nikatoa beseni, nikalijaza maji, nikaweka sabuni ya mche ukingoni. Kanga nikaiweka magotini. Alielewa kabla sijasema.

"Usiifue," akasema.

"Kwa nini? Imejaa. Ina vitu vya zamani. Nataka nikurudishie safi."

Alikaa chini, mavumbini, na kanzu yake ya msiba. Hakuomba kama mtani. Aliomba kama mtoto. Alisema anaingia kwenye kile chumba asubuhi na hakuna kitu, udi wenyewe umekwisha, godoro wamelitoa, nguo wamegawana dada zake. Alisema ile ndiyo pekee iliyobaki na harufu ya mama.

Nikashika ncha moja ya kanga, nikaiteremsha mpaka ikagusa maji.

"Nilisikia!" akasema Kondo.

"Ulisikia nini?"

"Ile ya Nyamizi. Nilisikia mwanzo wake."

Niliitoa kanga kwenye maji.

"Uliniambia hukusikiliza. Uliwaambia wazee."

"Niliona aibu. Nilibonyeza nikidhani ni zile za porini, za unga, nizisikie nijifunze sauti vizuri. Ikatoka hiyo. Anasema na binti yake. Ningekuambia nimesikia, ungeniuliza alisema nini, na mimi niliizima. Niliizima, mama, hayakuwa maneno ya mtani kuyasikia. Kisha nikafuta zote pamoja, nilikuwa sijui kuchagua."

"Alisema nini?"

Kondo akafumba macho. Na kwa sauti yako, polepole, bila mchezo wowote, akasema, "Nyamizi mwanangu, siku utakayosikia haya mimi nitakuwa nimeenda kwenye mizinga ya mbali. Usimwache mama yako akae peke yake na hasira zake."

Ulikuwa wewe. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiita kufa kwenda kwenye mizinga ya mbali. Na hakuna mwingine aliyezijua hasira zangu, kwa sababu watu wote hunisifia upole.

Ungedhani hapo ningemrudishia kanga yake. Mke uliyemwacha angerudisha. Lakini miaka mitatu, Baba Nyamizi! Miaka mitatu alikuwa amekaa na maneno yako kifuani, ananisalimia, anaziba pancha. Nilimwambia hivi: "Kanga haifuliwi. Itakaa kwenye sanduku langu. Utakuja kila Jumamosi, utanikumbukia kilichobaki. Kila Jumamosi ukileta maneno, nitakufungulia uinuse. Siku utakayomaliza, utaichukua."

"Nilisikia mwanzo tu."

"Basi ukumbuke mwanzo vizuri."

Amekuja kila Jumamosi. Ya pili alikumbuka kwamba ulikohoa, kisha ukacheka. Naamini hiyo. Ya tatu alikumbuka umesema jina la mzinga fulani, ule wa mninga, kwamba uwe wa Nyamizi. Naamini hiyo nusu. Nayaandika yote kwenye daftari. Tangu ya nne anatunga. Mimi nimeishi nawe, nakujua mpaka unavyovuta pumzi kabla ya neno. Alisema umemwambia binti yako awe anatembelea wazee wa ukoo. Wewe! Uliyekuwa unaruka ua ukimwona mjomba wako barabarani! Nilimtazama Kondo akihangaika, kijasho kwenye paji, anatafuta maneno ya kununulia harufu ya mama yake. Sikumwambia najua. Nilisema, "Endelea." Nililamba peni, nikaandika.

Hiki kiredio, kwa taarifa yako, bado kina ile sauti yake moja, ya asali ya ardhini. Sijaifuta. Usiniulize.

Na sasa la Jumamosi iliyopita, ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu, kuliko hata simu ya Nyamizi.

Asubuhi kabla hajaja nilifungua sanduku, nikaichukua kanga, nikainusa mwenyewe. Hakuna kitu. Niliigeuza, nikanusa pindo, nikanusa ile ncha iliyokuwa ikikaa shingoni. Bati la sanduku, na nguo zangu. Bi Hadija amekwenda. Hakufuliwa na mtu. Nilikaa kitandani, na moyo ukaniambia, ndiyo hii. Ndiyo siku niliyoingoja nikila kashata miaka mitatu. Leo atafungua, ataweka usoni, na hatakuta mtu. Atajua nilivyojua mimi pale kibarazani kwake. Nilipika chai nikiimba.

Akaja. Akasema maneno ya siku hiyo, kitu kuhusu kumheshimu mume, nikayaandika. Nikafungua sanduku, nikampa, nikakaa karibu kabisa nimwone uso.

Aliiweka usoni kwa muda mrefu. Alivuta pumzi mara moja, akatulia, akavuta tena. Niliona mabega yake yakishuka. Nikangoja.

"Bado ipo," akasema.

Sikuamini masikio yangu. "Ipo?"

"Imepungua kidogo. Lakini ipo, mtani."

Nilimtazama macho nione kama ananitania, na sikuona utani wowote. Aliikunja upya, ncha kwa ncha, taratibu kama mtu anayefunga kashata, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Iweke," akasema. "Sijamaliza kukumbuka."

Nikaipokea, Baba Nyamizi. Nikaiweka, nikafunga sanduku, nikamwambia chai itapoa.

Pumzika. Mimi nipo, na hasira zangu, lakini sikai nazo peke yangu.

Mkeo,
Mama Nyamizi